Njia ya Mfongo: shajara ya mradi wa kijiji chetu, Januari hadi Oktoba

4 Januari

Desemba imekwisha. Magari ya Dar yameshuka yote, mabucha yamepumua, na barabara yetu ya Uru, ubavuni mwa Kilimanjaro, imebaki na wenyeji, bodaboda na migomba. Kila mwaka Wachagga wanapanda nyumbani kula Krismasi, na kila mwaka wakishashiba huanza kuulizana kijiji kifanyiwe nini. Safari hii maneno hayakuishia kwenye kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Harambee ya tarehe 28 imeleta ahadi za shilingi milioni 3.9, na taslimu milioni 1.6. Ahadi za Desemba nazijua. Katika daftari hili nitaandika taslimu tu.

Nimepewa ukatibu kwa sababu mbili: mwandiko wangu unasomeka, na magoti yangu hayapandi mlima tena. Miaka tisa nilikuwa mgumu, ndivyo tunavyojiita sisi wapagazi, njia za Machame na Umbwe. Mizani ya getini inataka kilo 20, usizidishe. Shingo yangu inazikumbuka siku ambazo mizani ilisema lake na mzigo ukasema lake. Miaka yote hiyo nilipita na wageni katikati ya vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba zetu, ndani ya gari lililofungwa vioo, kutoka hoteli za Moshi mjini hadi getini, na sikuona hata mmoja akishuka kununua ndizi. Mlima wanauona. Wanaoishi mlimani hawawaoni.

Mradi ni huu: kufufua mfongo wetu wa asili, yaani mfereji wa maji, kilomita tatu na kitu kutoka banio lililoko msituni, pale maji ya mto yanapochepushwa, hadi vihamba vya mwisho, na kuufanya ukingo wake njia ya kutembeza wageni kwa miguu, nusu siku, kwa ada. Nusu ya ada irudi kwenye mfongo. Mengine tutayaona njiani.

11 Januari

Tumetembea mfongo wote na mzee mwenye mfongo. Ukoo wake ndio uliouchimba, na ana miaka 81. Nilikuja na kalamu na simu ya kupigia picha, yeye amekuja na panga na jembe.

Kwa asiyeujua, mfongo ni mfereji wa udongo unaochepusha maji ya mto korongoni na kuyatembeza kwenye ubavu wa mlima, kwa mteremko mdogo kiasi kwamba ukiyatazama harakaharaka utaapa yanapanda. Wazungu wa kwanza kufika huku katika karne ya 19 waliikuta mifongo inafanya kazi. Hakukuwa na pima-maji wala ramani. Ilikuwa mamia kwa mamia mlima mzima, na mingi imekufa: maji ya bomba yamekuja, vijana wameondoka, kahawa iliyowasomesha baba zetu imeshuka bei, na mfongo usiochimbwa miaka miwili hurudi kuwa kichaka.

Wetu haujafa ila unavuja. Nimehesabu sehemu 23. Penye mvujo wa saba mzee alipiga magoti, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kutoa mfupa wa kuku, chupa ya soda na kaa mdogo. Kaa akamrudisha majini. "Huyu ndiye fundi wa matundu," akasema, "lakini hatumuui, maji yasiyo na kaa si ya kunywa." Akakata kipande cha mgomba, akakikunja mara mbili, akakisukuma ndani ya tundu na kukikandamiza kwa kisigino, kisha akafunika kwa bonge la udongo lenye nyasi zake, nyasi zikitazama juu. Dakika nne. Nilikuwa nimeandika "saruji mfuko 1" kwa ajili ya tundu hilo. Nimefuta.

25 Januari

Mkutano wa kikundi ulianza saa nane mchana, ukaisha giza limeingia. Ajenda ilikuwa moja tu, saruji.

Ndugu yetu mmoja mhandisi aliyeko Dar, na aliyechanga kuliko wote, ametuma mchoro: mfongo wote ujengwe kwa zege, uwekwe vyuma vya kushikia na vibao vya rangi. Hoja yake si ya kupuuza. Mfongo wa udongo unapoteza maji mengi sana kabla hayajafika mwisho, na wa mwisho ndio wanaolia kila kiangazi.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Hayo maji mnayosema yamepotea, yamekwenda wapi?" Kimya. Akajibu mwenyewe. Yamekwenda kwenye mizizi ya miringaringa na miruka iliyosimama ukingoni, ambayo nayo imeshika ukingo usidondoke korongoni. Yamekwenda kwenye chemchemi ndogo pale chini ya shule. Zege likipita, miti hiyo itakauka, ukingo utalegea, na zege lenyewe litaning'inia hewani. Nakiri sikuwahi kulifikiria hivyo, na mimi nimezaliwa mita 40 kutoka kwenye mfongo huu.

Mwisho wa mabishano: saruji sehemu tatu tu, yaani banioni, kwenye mwamba ambako hakuna udongo, na pale mfongo unapokatiza barabara ya magari. Kwingine kote udongo, mgomba na nyasi. Vyuma vya kushikia hapana. Mhandisi amekasirika, akatoka kwenye kundi la WhatsApp, na baada ya saa mbili akaomba kurudishwa.

12 Februari

Siku ya makaratasi. Banio letu liko ndani ya msitu, na msitu uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005. Sisi kuingia kusafisha banio ni kwa ruhusa na kwa siku iliyopangwa. Mgeni kuingia ni kwa ada ya hifadhi, ambayo ni kubwa mno kwa matembezi ya nusu siku. Tumeamua njia iishie chini ya mpaka. Banio atalisikia, hataliona.

Kibali cha kutumia maji kinashughulikiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kwa sheria ya mwaka 2009. Mzee haelewi kwa nini alipie maji ya babu yake. Nimemweleza kwamba maji yale yale yanangojewa na wakulima wa mpunga kule Mabogini na Chekereni, na zaidi ya hapo na bwawa la Nyumba ya Mungu. Akanyamaza kidogo: "Kwa hiyo hata wao wako kwenye zamu."

1 Machi

Siku ya mfongo ya kwanza. Nilitangaza kwenye WhatsApp, kundi lina watu 64. Wamekuja 19, na wengine walituma alama ya mikono inayosali.

8 Machi

Mzee hakutaka kusikia habari za simu. Saa kumi na moja alfajiri alisimama kwenye kichuguu chake akapiga pembe, kama alivyofanya baba yake. Sikuisikia sauti hiyo tangu niko darasa la tatu. Wamefika 47, mmoja na kanga ya kulalia na jembe begani.

Zamani kazi ya mfongo ilikuwa ya wanaume, na asiyetokea alilipa debe la mbege. Leo ukingojea wanaume utachimba na mbuzi, maana nyumba nyingi huku zinashikwa na akina mama na bibi wenye wajukuu. Faini tumeiweka shilingi 5,000. Sheria kubwa haikubadilishwa: asiyechimba hafunguliwi maji. Nimefungua kitabu cha mahudhurio, jina la nyumba na siku. Sikujua wakati huo kwamba kitabu hicho ndicho kitakachotuamulia ugomvi wa Agosti.

22 Machi

Majaribio. Rafiki yangu mwongozaji ametuletea wageni sita waliotoka kileleni juzi, miguu imewavimba, furaha imewajaa. Mwendo kutoka barabarani hadi mpaka wa msitu na kurudi ni saa tatu na nusu kwa watu wa namna hiyo.

Nilichojifunza. Kwanza, kihamba kinahitaji mtu wa kukieleza, la sivyo mgeni anaona kichaka. Ukimsimamisha mahali pamoja na kumwonyesha ghorofa zake, mringaringa juu, migomba katikati, kahawa chini yake, na magimbi na maharage chini kabisa, anaanza kuuliza maswali ya maana. Jirani zetu wa Shimbwe Juu, kihamba chao kiliingia mwaka 2011 kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Nimewaambia wageni hivyo, na nimeona hata vijana wetu wawili waliokuwa wanabeba maji wanageuza shingo. Hawakuwa wanajua.

Pili, swali la theluji. Kila mgeni anaamini maji ya mfongo ni barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iliyoyeyuka. Siyo. Barafu ile imepungua kwa takribani asilimia 85 kati ya 1912 na 2007, na mito yetu ingekuwa inaitegemea tungekuwa tumehama. Maji haya ni mvua na ukungu wa msituni, upande huu wa kusini ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mmoja alionekana kama nimemnyang'anya kitu. Mwingine akauliza sasa nani analinda msitu, na hilo ndilo swali nililokuwa nalingoja.

Tatu, choo. Hatukuwa na choo. Sitaandika zaidi.

3 Aprili

Mvua.

9 Aprili

Mvua. Barabara ni utelezi mtupu, Noah moja imelala mtaroni tangu jana.

14 Aprili

Ukingo umeondoka. Mita 11, pamoja na mruka mmoja mkubwa na kipande cha kihamba cha watu, vyote korongoni. Hakuna aliyeumia. Maji ya mfongo yalikuwa yanashuka kama maporomoko ya kwenye kalenda, na kijana mmoja akasema tuwaachie watalii hapohapo, tumepata kivutio. Tukacheka, tukaenda kufunga banio chini ya mvua.

Nikae na ukweli: ukingo ulikatika pale ambapo tulipanua njia mwezi Machi ili watu wawili wapite sambamba. Tulichonga upande wa juu, tukatupa udongo upande wa chini, udongo mbichi ukawa mzigo. Mzee hakusema "niliwaambia". Alikuwa amesema mwezi Machi, na nimekuta kwenye daftari langu mwenyewe: *mzee anasema mtu mmoja nyuma ya mwingine inatosha.*

17 Mei

Mwezi mzima wa kurudisha mita 11. Zamani pengo la namna hii lilivushwa kwa gogo lililochongwa katikati likawa kama mtumbwi usio na ncha. Gogo la kuchonga hatuna na wala hatutakata mti kwa ajili hiyo, kwa hiyo tumeweka bomba la plastiki la inchi nane, tumelilaza kwenye nguzo na kulifunika udongo. Bomba, nguzo na saruji zimekula 870,000. Chini yake tumepanda matete na masale. Masale yanashika udongo vizuri, na pia ndiyo mpaka wa Mchagga tangu zamani. Hakuna atakayethubutu kuyang'oa.

Njia imerudi kuwa ya mtu mmoja nyuma ya mwingine, kote.

14 Juni

Tumefungua. Ada shilingi 10,000 kwa mgeni, risiti mkononi, kabla ya kuanza kutembea. Chakula anakilipia kwa nyumba inayopika: mtori, au kiburu kwa mwenye ujasiri. Mama wa nyumba ya tatu anakaanga kahawa kwenye chungu, anaitwanga kwenye kinu na kuimimina ikiwa bado na hasira. Amekataa kuvaa kanga mpya na kucheza ngoma mlangoni kama alivyoshauriwa na mwongozaji mmoja. "Mimi nauza kahawa," akasema. Nimeandika maneno hayo ukutani kwenye ofisi yetu, ambayo ni stoo ya mbolea.

Vyoo viwili vya shimo vimekamilika, kimoja cha wageni na kimoja cha wenyeji, kisha ikaonekana upuuzi, vyote ni vya wote.

Kuna waliotaka tuchimbe pango na kuliita handaki la vita vya Wachagga na Wamasai. Mahandaki ya kweli yapo Marangu, waende huko. Hapa kwetu kuna mfongo.

28 Juni

Watoto. Wiki mbili tu na wameshajua kusema "pipi" na "pen" kwa sauti ya kusikitisha ambayo nyumbani hawaitumii. Mwalimu mkuu na mimi tumewaambia waongozaji: mgeni asigawe kitu njiani. Akitaka kutoa, atoe shuleni, kwa risiti. Wazazi wawili wamenuna. Pipi zilikuwa zinafika nyumbani, risiti haifiki.

19 Julai

Kosta mbili za kampuni moja ya mjini zimepandisha watu 31 bila taarifa. Dereva anasema bei yao ni nusu, kwa sababu wanaleta wengi. Nikamwambia bei ya mfongo haina jumla na rejareja. Akanitazama kama ninavyotazama mtu anayepanda Umbwe na ndala. Huku tunabishana, wageni wameshaingia njiani wenyewe, na kwa kuwa ni wengi wakawa wanapishana kwa kukanyaga mdomo wa mfongo. Sehemu mbili zimebonyea, maji yakamwagika kwenye shamba la maharage.

Wamelipa nusu, wameondoka. Kuziba kulichukua watu sita na siku nzima.

26 Julai

Mkutano wa dharura. Mwisho ni wageni 12 kwa siku, asubuhi sita na mchana sita. Kampuni isiyotoa taarifa inarudishwa barabarani. Mwenyekiti wa kitongoji aliogopa tutaonekana wakali na wageni watahamia kijiji kingine. Huenda. Mimi nimeona njia za mlimani zilivyokuwa msimu wa watu wengi, matope hadi magotini na karatasi za chooni nyuma ya kila jiwe, na sitaki kuiona hiyo nyuma ya jiko la mama yangu.

30 Agosti

Hesabu za miezi mitatu. Wageni 143 kwa ada kamili, shilingi 1,430,000. Za kosta mbili nimeziweka kando, zilikwenda kwenye ukarabati. Nusu ya zile kamili inabaki kwenye mfongo, hilo lilikubaliwa tangu Januari. Ugomvi ulikuwa nusu ya pili, 715,000.

Nyumba za juu zinasema wageni wanapita kwao, vumbi ni lao, kelele ni zao. Kweli. Nyumba za chini zinasema nao wamechimba, na mgeni hawajawahi hata kumwona, maana njia inageukia kwenye nduwa, bwawa dogo la kukusanyia maji ya mfongo, na haifiki kwao. Kweli pia. Na nyumba za juu tayari zinauza kahawa na chakula. Sauti zikapanda, mtu mmoja akataja ng'ombe aliyekopwa mwaka 1994, na hapo nikajua hatutamaliza.

Mzee akaomba kitabu cha mahudhurio. Hajui kusoma vizuri maandishi madogo, akanipa nisome mimi. Nyumba moja moja, siku moja moja. Jumla siku 572. "Maji tunagawana hivyo, kwa nini hela tugawane vingine?" 715,000 kwa 572 ni shilingi 1,250 kwa kila siku ya jembe. Nyumba moja yenye duka na bango kubwa imepata 5,000, kwa sababu walikuja mara nne. Bibi wa kihamba cha mwisho kabisa, mjane, ambaye mjukuu wake hakukosa hata mara moja, amepata 25,000. Zilihesabiwa mbele ya watu. Bibi akazifunga kwenye ncha ya kanga, akasema "aika mbe," yaani asante, akaketi.

Si fedha nyingi. Mgumu aliyepanda na wageni wakarimu hupata tipu zaidi ya hiyo kwa safari moja. Lakini ni mara ya kwanza nimeona hela ya utalii ikigawanywa na hakuna aliyeuliza nani kaonewa. Waliolalamika walilalamikia miguu yao.

6 Septemba

Mtu mwenye gari zuri amekuja kutaka kukodi kihamba karibu na nduwa, miaka 33, ajenge loji ya vyumba 16 na bwawa la kuogelea linalotazama Kibo. Ametaja kiasi ambacho sitakiandika, kitanitoa usingizi. Tukamuuliza maji ya bwawa yatatoka kwenye zamu ya nani. Akadhani tunatania. Mzee akamwambia zamu ziko 58, achague nyumba, aende aiombe. Hajarudi.

17 Septemba

Hii naiandika kwa sababu niliapa kuandika yote.

Kiangazi kimekaza. Mto umepungua na banio tumelipunguza, kwa hiyo maji ya usiku na mchana yanakusanywa kwenye nduwa, na alfajiri inafunguliwa kwa mwenye zamu. Leo, Jumatano, nduwa ilikuwa inajazwa kwa ajili ya zamu ya kesho, ya bibi wa kihamba cha mwisho.

Saa tisa alasiri nilikuwa na wageni sita. Mfongo ulikuwa na maji kiduchu, aibu. Mmoja akauliza nduwa inafunguliwaje. Nikaeleza. Akauliza kama anaweza kuona. Nikajiambia dakika moja, watapiga picha, nitaziba.

Kuchomoa kizibo ni rahisi, ni gogo lililozungushiwa maganda ya mgomba na matope. Likitoka, maji yanaruka kwa kishindo kizuri kweli, wageni wakashangilia. Kulirudisha, nduwa ikiwa imejaa robo tatu, si kazi ya mtu mmoja mwenye magoti yangu. Nilisukuma, likatemwa. Nikasukuma tena, likanipiga kifuani. Mpaka vijana wanafika kwa kelele zangu, dakika arobaini zimepita, na maji ya bibi yamekwenda kunywesha magugu ya barabarani. Wageni walinipa pole na tipu ya 20,000.

18 Septemba

Maji ya bibi yalifika nusu ya kihamba. Migomba ya juu imepata, magimbi na kahawa changa za chini hazikupata, na zamu yake nyingine ni baada ya wiki mbili.

Nilikata jani la sale, nikalifunga fundo, nikaenda kwake kabla ya jua. Anayeletewa sale hawezi kumkataa mleta, hivyo ndivyo tulivyolelewa. Hiyo haina maana kwamba atakuchangamkia. Alilipokea, akalichomeka kwenye ukuta wa jiko, akanitazama.

"Walifurahi?"

"Walifurahi, bibi."

"Haya."

Akaendelea kumenya ndizi. Afadhali angenitukana.

20 Septemba

Kikundi kimenitoza 20,000, zile zile za tipu, na debe la mbege juu yake. Sheria mpya, na imeandikwa na mimi mwenyewe kwa adhabu: nduwa inafunguliwa na mwenye zamu peke yake, kwa saa yake. Mgeni anayetaka kuona aje saa 12 asubuhi na asimame pembeni.

Nilidhani hatakuja mtu.

27 Septemba

Wamekuja wanne. Walilala Moshi mjini, wakaondoka huko saa kumi na moja. Kibo ilikuwa wazi, baridi kali, na mwenye zamu, baba wa watoto sita, alikuwa hana muda nao hata kidogo. Alichomoa kizibo, akakimbia kufuata maji yake na jembe begani, nao wakabaki wakimfuata kwa macho kwenye migomba. Hakuna aliyeshangilia. Mmoja aliniuliza kwa sauti ndogo kama wamemsumbua. Hilo ni swali ambalo miaka tisa mlimani sikuwahi kuulizwa.

2 Oktoba

Bibi alitaka deni lake lilipwe kwa kazi. Mjukuu amerudi shule ya bweni, na zamu yake mvua zisiponyesha imesogezwa usiku, saa nane, ili maji yasikaushwe na jua yakiwa njiani.

Nilifika na tochi. Alikuwa ameshaketi kwenye kigoda mwisho wa kihamba, jembe mapajani, kitenge kichwani. Hatukuongea. Kwanza ni sauti, si ya maji, ni ya majani makavu yanayosukumwa, kama panya wengi wanahama. Kisha ulimi mweusi ukatokea kwenye mwanga wa tochi, mbele yake povu, vijiti, na siafu waliofukuzwa usingizini. Bibi akasimama. Alikuwa anafungua mdomo huu kwa jembe moja, anafunga ule kwa mguu, anasubiri mpaka shina la mgomba lizungukwe, anahamia lingine. Mimi kazi yangu ilikuwa kumulika mahali alipo, na mara mbili nilimulika pasipo akaniambia zima, naona.

Magimbi yalifikiwa saa tisa na nusu. Kahawa changa saa kumi kasoro. Akachota maji kwa kiganja, akanawa uso.

"Sasa nenda ukawafungulie wa Alhamisi," akasema. "Na useme kwenye kitabu nimemaliza kabla ya saa yangu, wasije wakasema nimewaibia."

Nimeandika: amemaliza saa kumi kasoro dakika kumi.

Jumamosi tarehe 4: banio, nyumba zote, pembe saa kumi na moja. Wageni sita wa asubuhi wasubiri mpaka tumalize. Kununua: saruji mfuko 1, sepeto 2, kitabu kipya cha mahudhurio, hiki kimebakiza kurasa tatu.